Mrejesho: Waksi ya karnauba ya bei mbaya kwenye Crown nyeusi, je, pesa inarudi?

#1 Mkazi_wa_Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya waksi za karnauba hayaishi. Hivi vikopo vidogo vinavyouzwa laki mbili kupanda vina kitu gani ambacho waksi ya elfu ishirini haina? Nimepata kopo moja kupitia kwa shemeji aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza, nikaipaka kwenye Crown yangu, nikaiacha ipigwe na jua, vumbi na mvua za vuli. Sasa naweza kuleta mrejesho. Jina la kampuni naliacha, sitaki uzi ugeuke tangazo.

Kwa wenye haraka: inang'arisha kweli, na kwenye gari jeusi tofauti unaiona kwa macho. Ila sehemu kubwa ya mng'ao ule ilitokana na kazi niliyofanya kabla sijafungua kopo, na kwa hali ya hewa ya Dar haidumu. Kama gari lako linaoshwa kwa sabuni ya unga na sponji lililokwisha kuanguka mchangani mara kadhaa, usinunue. Nunua kwanza ndoo mbili.

Sasa kwa wenye muda.

Gari ni Toyota Crown, nyeusi, namba ya rangi 202. Mwenye Toyota anayetaka kujua namba yake afungue boneti atafute kibao cha chuma, asome mstari wa C/TR. Hii 202 ni nyeusi tupu, haina metaliki wala lulu, na inajulikana kwa ulaini. Kitambaa kikavu chenye vumbi kikipita mara moja tu, kimeandika. Simama mbele ya boneti saa kumi jioni, tazama pale jua linapojionyesha kwenye rangi: utaona nyuzi nyembamba zimelizunguka duara kwa duara. Kila uzi mmoja ni mkwaruzo. Hiyo ni kazi ya sponji, si kazi ya jua.

Karnauba yenyewe inatoka Brazili, kaskazini mashariki, majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte. Mti wake ni wa jamii moja na minazi, na majani yake yamefunguka kama ya mvumo. Huko kiangazi ni kikali, kwa hiyo jani linajifunika kwa nta lisikauke. Watu wanakata majani, wanayaanika, wanayapura mpaka unga wa nta udondoke, kisha unayeyushwa na kuchujwa. Ndiyo nta ngumu kuliko nta zote za asili tunazozitumia. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, wakati ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 64 hivi. Na haiishii kwenye magari: ile E903 mnayoiona kwenye pakiti za peremende ndiyo hiyo hiyo, na vidonge vingi vya hospitali vinapakwa hiyo ving'ae na viteleze kooni.

Hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Karnauba tupu huwezi kuipaka kwenye gari. Ni vigae vikavu vinavyopasuka ukivibana kwa vidole. Lazima ichanganywe na mafuta mepesi yanayoruka hewani, nta nyingine laini, na mara nyingi silikoni. Kwa hiyo kopo likiandikwa "karnauba asilimia 100" maana yake karnauba iliyotiwa humo haikuchanganywa na nta nyingine. Haina maana kwamba kopo zima ni karnauba, maana hilo lingekuwa tofali. Bei inapanda kwa sababu ya daraja la nta (ile nyeupe na ya njano hafifu inatoka kwenye majani machanga ambayo hayajafunguka, ndiyo ghali), mafuta mazuri yaliyotiwa, harufu, na kopo lenyewe kupendeza.

Maandalizi niliyafanya hivi. Niliosha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu, kivulini, nikaanza juu kushuka chini. Kisha nikapulizia dawa ya kuyeyusha chembe za chuma. Magari yetu yamekaa Japani miaka, yakapakiwa meli, na vumbi la breki na reli limezama kwenye rangi. Dawa ikikutana na chuma inageuka zambarau na kuchuruzika. Milango ya chini ililia zambarau mpaka mtoto akaniuliza kama gari linatoka damu.

Baada ya hapo, udongo wa bodi, ule mlaini kama wa kufinyangia unaonasa uchafu uliozama kwenye rangi. Kabla ya kuutumia chukua ule mfuko mwepesi wa nailoni unaokuja na shati jipya, uvae mkononi, upitishe vidole taratibu juu ya rangi iliyooshwa. Utasikia punje punje ambazo mkono mtupu hauzisikii. Unalowesha bodi kwa maji ya shampuu, unateleza na udongo bila kukandamiza, mpaka punje ziishe na mkono uteleze kimya. Udongo ukianguka chini, utupe, usijaribu kuuosha.

Halafu polishi, kwa mashine ndogo inayozunguka huku ikitikisika, sponji laini na dawa ya kumalizia. Sikutafuta kuondoa kila mkwaruzo, nilitaka zile nyuzi za juu juu tu. Mwisho nikafuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yatoke na nione rangi ilivyo hasa, bila kudanganywa.

Na hapo, kabla ya waksi yoyote, gari lilikuwa tayari limebadilika. Mke wangu alidhani nimeshamaliza.

Nikagawa boneti katikati kwa gundi ya karatasi. Upande wa dereva ile ya bei, upande wa abiria Collinite 845, ambayo nayo ina karnauba ila imechanganywa na vitu vya kiwandani na bei yake ni ya kibinadamu. Ile ya bei inapakwa kidogo mno. Ukiona umeacha utando mzito umeharibu. Nilichota kiasi cha punje ya mchele kwa nusu boneti, nikaisambaza mpaka ukungu mwembamba tu ukaonekana, nikasubiri, nikapitisha kidole. Kidole kikiacha njia safi, futa. Kikiburuza utando, subiri.

Matokeo: upande wa kopo la bei weusi ulikolea zaidi. Nilimwita jirani bila kumwambia upi ni upi, akachagua huo huo, ila baada ya kuinama na kuzunguka sana. Ukiwa umesimama mbali kidogo huoni tofauti. Kwa mguso zote ziliteleza. Mvua zilipoanza, pande zote maji yalijikusanya matone na kukimbia. Lakini miezi miwili haikuisha kabla upande wa bei haujaanza kulaza maji yakatapakaa, wakati ule wa Collinite bado ulikuwa unayatimua.

Karibuni.

#2 Spea_za_Shaurimoyo

Laki mbili ya nta? Mkuu hiyo pesa ni brekipedi za mbele, oili na filta, na chenji ya supu inabaki. Gari ni injini. Rangi hata ikififia linatembea.

#3 Mkazi_wa_Tabata

Mkuu sikupingi, brekipedi zije kwanza na mimi zangu nilishabadilisha. Lakini siku ya kuuza gari mnunuzi anatazama rangi kabla hajauliza injini, na wewe uliye sokoni unajua hilo kuliko mimi. Kupiga rangi gari zima kwa fundi wa maana ni milioni kadhaa, na haitakaa kama ya kiwandani. Mimi nalinda hiyo ya kiwandani.

#4 Fundi_Rangi_Gerezani

Mleta mada umeandika vizuri. Niongeze kutoka upande wetu sisi tunaoshika bunduki ya rangi kila siku.

Watu hawajui rangi ya gari ni nyembamba kiasi gani. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na klia (lile tabaka angavu la juu), mara nyingi ipo kati ya maikroni 100 na 150. Klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Unywele wa mtu ni kama 70. Sasa kijana anakuja na mashine ya kasi, sponji la manyoya na rabingi, yaani dawa ya kukwangua rangi, anafanya "gari liwe jipya" kila baada ya miezi michache. Kila akipita anapunguza klia. Klia ndiyo yenye dawa ya kuzuia jua. Ikibaki nyembamba, paa na boneti vinaanza kubabuka vipande vyeupe. Mteja analalamika jua la Dar, kumbe jua limekuta mlango wazi. Waksi haiwezi kuirudisha hiyo klia, iwe ya elfu kumi au ya milioni.

Na kuna ujanja mmoja niuseme hadharani. Rabingi nyingi za bei rahisi zina mafuta na nta za kujaza mikwaruzo. Mteja anaoneshwa gari linameremeta, analipa, anaondoka. Likioshwa mara mbili tatu mikwaruzo imerudi yote, maana haikuondolewa, ilifukiwa. Ndiyo maana nimefurahi kuona mleta mada amefuta kwa spiriti kabla ya kupaka. Ukimpelekea mtu gari akung'arishie, mwambie afute hivyo mbele yako kisha mtazame pamoja juani. Anayejua kazi hatakataa.

La pili ni silikoni. Dawa nyingi za kung'arisha za kupuliza zimejaa silikoni. Gari likija kwangu kurekebishwa ubavu, hata nikiosha, rangi mpya ikigusa pale inakimbia na kuacha vitundu vya macho ya samaki. Inabidi niisafishe upya na kuanza tena kwenye msasa. Kwa hiyo kama gari limegongwa na linaenda gereji, usilipake chochote kwanza. Na mwambie fundi ulikuwa unatumia nini.

La tatu, gari likitoka kupigwa rangi lisipakwe waksi haraka. Hapa wengi wetu hatuna tanuri la kukaushia, tunategemea hewa na hadina (dawa ya kugandisha rangi). Tina, kile kiyeyushi cha rangi, inaendelea kutoka ndani ya rangi kwa wiki nyingi. Ukiifunika kwa nta unaifungia humo, rangi inabaki laini na kufifia. Watengenezaji wengi wa rangi wanasema siku 30 hadi 90. Mimi nawaambia wateja miezi mitatu, maji na shampuu tu.

#5 Mama_Junior

Fundi ubarikiwe, hili la mafuta ya kufukia limenifungua macho. Swali langu kwa mleta mada: mimi nina IST nyeupe, ipo Kimara, inalala chini ya mwembe, na inaoshwa kwa maji ya kisima. Ina madoa ya duara meupe kwenye vioo na boneti hayatoki kwa sabuni. Hiyo waksi itayatoa? Na kwa gari jeupe inafaa?

#6 Mkazi_wa_Tabata

Dada, waksi haitayatoa, itayafunika na kuyafungia humo. Hayo ni chokaa na magnesi ya maji ya kisima. Maji yanakauka, madini yanabaki. Anza na siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji: lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya doa lililo kivulini na bodi ikiwa ya baridi, kiache dakika mbili tatu hivi, kisha suuza kwa maji mengi. Doa jipya litatoka. Lile la zamani ambalo limekula klia litaacha alama, na hilo ni la polishi.

Hapa niseme jambo ambalo matangazo hayasemi. Wanatuonesha matone ya maji yamesimama kama shanga, tunafurahi. Lakini kwa maji yetu ya kisima na jua la saa sita, tone lililosimama ndilo linaloacha doa baya zaidi, kwa sababu madini yote yamekusanyika sehemu moja. Waksi haikuondolei kazi ya kukausha gari kwa taulo. Kwa kweli ukiwa na waksi ndiyo ukaushe kwa bidii zaidi.

Kwa gari jeupe, ukweli wangu: usinunue karnauba ya bei. Weupe haukolei. Utapata utelezi na urahisi wa kuosha, na hivyo unavipata kwa waksi ya kawaida. Kopo la bei ni la nyeusi, nyekundu, bluu iliyokoza, zambarau ya divai.

Mwembe nao ni adui. Kuna wadudu wanaonyonya majani wanaomwaga maji ya sukari chini, ndiyo ule ulenda kwenye kioo asubuhi. Juu yake vumbi linanata. Kunguru nao wanajua hapo ni nyumbani kwao. Kinyesi chao kina asidi na kikipikwa na jua saa chache tu kinachora rangi. Kuwe na waksi au kusiwe na waksi, kiondoe siku hiyo hiyo: kilowanishe kwanza kilegee, usikikwangue kikavu, maana kina michanga na mbegu ndani.

#7 Mvita_Wetu

Hamjambo ndugu zangu. Niko Mombasa, gari langu ni Subaru bluu, nafanya kazi karibu na bahari kabisa. Kwetu shida ni chumvi. Asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo, chanata. Nilikuwa napaka karnauba kwa mapenzi tu, na sina haja ya kudanganya, rangi ilipendeza mno hasa jioni. Lakini kwa chumvi niliona bora waksi ile ya mchanganyiko chini, karnauba juu ikiwa kuna harusi au Idi.

Swali: ati mtu aweza kupaka hivyo, moja juu ya nyingine? Na hizi dawa za viatu za kopo si zina karnauba? Kuna kijana hapa apaka bampa nyeusi kwa dawa ya viatu na zang'aa.

#8 Babu_wa_Chumbageni

Mvita, karnauba imekuwemo kwenye dawa za viatu na nta za sakafu tangu zamani sana. Wale tuliokulia kwenye nyumba za sakafu nyekundu ya saruji tunaikumbuka kazi ya kupaka nta na kusugua kila Jumamosi. Mwaka 1935 Herbert Johnson, mwenye kampuni ya nta ya Johnson ya Racine, Wisconsin, aliruka na ndege ndogo ya Sikorsky yenye uwezo wa kutua majini mpaka Fortaleza, Brazili, kwenda kuikagua hii mikarnauba kwa macho yake na kuona kama itatosha kwa biashara yake. Biashara yenyewe ilianzia kwenye nta ya sakafu. Kwa hiyo magari yameingia kwenye msafara uliokwisha kuanza.

Ila dawa ya viatu kwenye gari, hapana. Ina rangi na vimiminika vya kulainisha ngozi. Kwenye bampa ya plastiki itang'aa leo, mvua ya kesho inachuruzika nyeusi mpaka kwenye mlango.

#9 Mkazi_wa_Tabata

Shikamoo mzee, asante kwa hilo la 1935, sikulijua.

Kaka wa Mvita, inawezekana na utaratibu wako ndio huo huo ninaoufuata sasa. Chini ile ya mchanganyiko, ipe siku nzima ikamae, kisha karnauba juu. Ukigeuza, karnauba chini na ya mchanganyiko juu, ile ya juu haipati pa kushika na utaipoteza mapema. Na usitegemee kwamba tabaka tano zitadumu mara tano. Kila unapopaka, yale mafuta mepesi yanalainisha na kuondoa sehemu ya tabaka la chini. La pili lina maana kwa sababu linafunika pale ulipopitiwa mara ya kwanza. Baada ya hapo unapaka kwa kujifurahisha.

Hiyo Collinite 845 jina lake kamili lina neno la vikombe vya umeme vya kwenye nguzo. Ilikuwa nta ya kuvipaka visishike uchafu na chumvi. Kwa mtu wa pwani hilo linatosha kuishawishi roho. Kingine, wenzetu wa nchi za baridi inawagandia chupani mpaka waitie kwenye maji ya moto. Kwetu ipo kimiminika mwaka mzima, tikisa tu.

#10 Mtu_wa_Maskati

Asalaam alaykum. Nawasoma kutoka Maskati. Kwa heshima zote, karnauba muda wake umepita. Huku kiangazi joto la hewa linavuka 45, boneti jeusi huwezi kuweka kiganja. Mnasema inayeyuka kwenye 82, sawa, lakini hiyo ni nta tupu. Iliyochanganywa na mafuta inalegea mapema zaidi, na ikilegea inashika vumbi. Huku vumbi ni la kila siku. Mimi niliweka seramiki, yaani silika inayoshikana na klia na kuwa ngumu, na sasa ni mwaka wa pili naosha kwa maji na shampuu tu. Kwa nini mtu ajichoshe kila mwezi?

#11 Fundi_Rangi_Gerezani

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, kwa joto la huko na gari linalokaa nje, umechagua sawa. Ila seramiki ina masharti ambayo wauzaji wa hapa mjini wanayaruka. Haitaki nta chini yake hata kidogo, rangi lazima ifutwe mpaka iwe tupu. Mkwaruzo ulioachwa chini unabaki chini ya seramiki mpaka siku ya kuiondoa, na kuiondoa ni kwa polishi, yaani unakula klia tena. Ikikaukia vibaya inaacha mabaka. Na wengi hapa wanauziwa dawa ya kupuliza yenye silika kidogo wakiambiwa ni seramiki ya miaka mitano. Inaondoka mapema kabla ya hapo.

Karnauba ukikosea, unafuta na kupaka upya jioni hiyo hiyo. Kwa mtu anayejifunza, mimi namwanzishia huko.

#12 Mkazi_wa_Tabata

Mtu_wa_Maskati amesema: *"Kwa nini mtu ajichoshe kila mwezi?"*

Kaka, nimeifikiria hoja yako kwa dhati, na kama ningekuwa Maskati ningefanya kama wewe. Lakini kuna faida moja ya kupaka kwa mkono ambayo kwangu ni kubwa kuliko nta yenyewe. Ukipaka waksi unapita kila inchi ya gari kwa kidole. Ndivyo nilivyogundua kutu imeanza kwenye ukingo wa tao la gurudumu la nyuma, kidoti cha ukubwa wa punje ya mtama, chini ya rangi iliyovimba kidogo. Kwa macho usingeiona. Nilimpelekea fundi ikiwa bado ni kazi ya msasa na praima. Ingekaa mwaka, angekata bati.

Pili, gari lililopakwa waksi hulipeleki tena kuoshwa ovyo. Unaanza kubeba glavu yako na shampuu yako. Mikwaruzo mipya imepungua sana kwangu, na sidhani ni kwa sababu nta imeizuia, maana tabaka lenyewe ni jembamba mno kuzuia mchanga. Ni kwa sababu sponji la barabarani halijaligusa tena. Ndiyo maana nilisema anza na ndoo mbili.

#13 Dereva_wa_Udom

Wakuu nipo Dodoma, vumbi jekundu, maji ya shida. Kuosha kwa ndoo mbili kila wiki siwezi. Nikipaka hiyo waksi nikawa napangusa vumbi kwa kitambaa kikavu inafaa?

#14 Mkazi_wa_Tabata

Hapana mkuu, hata kama umepaka kopo la milioni. Lile vumbi ni mchanga, na kitambaa kikavu kinaugeuza msasa. Kama maji ni shida, iache na vumbi lake mpaka upate ndoo. Vumbi lililotulia halikwaruzi, linakwaruza linaposukumwa. Ukiwa na ile pampu ya mkononi ya kupulizia dawa mimea (mpya, isiyowahi kutiwa dawa), jaza maji na shampuu kidogo, lowesha gari zima, acha dakika chache, kisha pita na vitambaa vya maikrofaiba, upande mmoja wa kitambaa pasi moja tu, geuza, kikiisha weka pembeni chukua kingine. Gari linatoka safi kwa lita chache. Juu ya waksi vumbi linaachia kwa urahisi zaidi, hapo ndipo utaiona faida yake.

Na usitumie sabuni ya unga wala ya vyombo. Zimetengenezwa kuondoa mafuta, zitaondoa na nta yako.

#15 Mama_Junior

Nimerudi na mrejesho. Siki imeondoa madoa ya boneti karibu yote, ya kwenye kioo cha mbele bado kidogo. Nimenunua waksi ya kawaida kama ulivyonishauri, nimepaka mwenyewe na Junior. Imeteleza vizuri mpaka kitambaa kikiwekwa juu ya boneti kinashuka chenyewe. Ila tumechafua zile plastiki nyeusi za pembeni ya kioo na chini ya waipa, zimebaki na mabaka meupe na kwa maji hayatoki. Tufanyeje?

#16 Mkazi_wa_Tabata

Hongera dada, na Junior pia. Hayo mabaka ni nta iliyoingia kwenye vinyweleo vya plastiki. Chukua mswaki wa zamani laini, chovya kwenye ile spiriti iliyochanganywa na maji, sugua taratibu kwa kufuata mistari ya plastiki, futa mara moja kwa kitambaa kabla haijakauka. Rudia mpaka yaishe, kisha paka dawa ya plastiki isiyo na mafuta mengi ili rangi irudi. Mara nyingine kabla ya kufungua kopo bandika gundi ya karatasi kwenye kingo zote za plastiki na mipira ya milango, na uiondoe ukishamaliza kufuta, siyo kabla.

#17 Fundi_Rangi_Gerezani

Na gundi hiyo iwe ile ya mafundi rangi, siyo ya kufungia maboksi. Ya maboksi ikikaa juani inaacha ulimbo kwenye rangi, na huo utakuja kuutoa kwangu.